Volti 48 zinaposhuka: betri, nyaya au moduli ya injekta kwenye Ford ya lita 6.0

Msomaji wetu anayeishi Minnesota, Marekani, na anayebeba vifaa vya ujenzi kwa pikapu ya Ford F-350 ya mwaka 2006 yenye injini ya dizeli ya lita 6.0, anauliza hivi: "Shikamoo fundi. Tangu baridi ianze gari langu linawaka kwa shida kila asubuhi. Stata inazunguka, injini inakohoa na kutoa moshi mweupe, na hata ikishawaka hutetemeka kama dakika kumi ndipo itulie. Mashine ya uchunguzi inatoa kodi ya hitilafu P0611, na siku nyingine P0272 au P0284. Nikifungua swichi asubuhi moduli ya injekta inasoma volti 44, nikipiga stata inashuka hadi 38, na mchana injini ikiwa ya moto inasoma 47. Betri zenyewe zinasoma 12.1, na wakati wa stata 9.4. Betri moja niliinunua mwaka jana, nyingine nilinunua gari nikaikuta. Gereji moja imeniambia nibadilishe injekta zote nane. Je, ni kweli?"

Marahaba, ndugu yangu. Usinunue injekta hata moja kwa sasa. Namba ulizoandika zinaonyesha magonjwa mawili kwa wakati mmoja: umeme unaoingia kwenye moduli, yaani kisanduku cha elektroniki kinachoziamuru injekta, ni dhaifu, na moduli yenyewe nayo imeanza kuchoka. Injekta zenyewe, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, bado hazijapata ushahidi wa kuzitia hatiani. Kinachonitia wasiwasi ni mpangilio wa matengenezo, kwa sababu ukianza na moduli kabla ya betri na nyaya, moduli mpya itaingia katika mazingira yaleyale yaliyoichosha ya zamani.

Injini yako ilitengenezwa na kampuni ya International kwa ajili ya Ford, nayo ilifungwa kwenye malori madogo ya Super Duty kuanzia mwaka 2003 hadi 2007. Tofauti na injini nyingi za dizeli, injekta zake husukumwa na mafuta ya injini, yaani oili yenyewe, ambayo pampu huipandisha shinikizo na kuipeleka juu ya kila injekta. Ndani ya injekta, oili hiyo husukuma pistoni ndogo inayolizidisha shinikizo takriban mara saba, na dizeli hutoka kwenye ncha ikiwa na nguvu inayoweza kufikia psi 26,000 (psi ni kipimo cha shinikizo). Kinachoruhusu oili iingie ni vali ndogo ya kuteleza iliyo katikati ya koili mbili, moja ya kuivutia upande wa kufungua na nyingine ya kuivutia upande wa kufunga. Moduli, ambayo mafundi wote wa injini hii huiita kwa herufi zake FICM (Fuel Injection Control Module), hupeleka kwenye koili pigo la volti 48 lenye takriban ampea 20, kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde.

Muda huo mfupi ndio unaofanya volti 48 ziwe jambo la lazima. Mkondo ndani ya koili haupandi papo hapo, nao hupanda polepole zaidi kadiri volti zinavyopungua. Moduli ikitoa 38 badala ya 48, vali huchelewa kuondoka mahali pake, au huondoka bila kufika mwisho wa safari yake, na dizeli huingia kwa kuchelewa na kwa upungufu. Ongeza juu ya hapo oili iliyoganda kwa baridi ya Minnesota, inayoishikilia vali kama asali nzito, na utaelewa kwa nini injini inakohoa na kutoa moshi mweupe: moshi huo ni dizeli iliyoingia kwenye silinda bila kuungua ipasavyo.

Sasa, hizo 48 hutoka wapi wakati gari lina betri za volti 12 tu? Ndani ya FICM kuna bodi mbili. Moja ni ya akili, inayoamua injekta ipi ipigwe na lini. Nyingine ni ya nguvu, inayopokea umeme wa betri na kuupandisha hadi 48. Bodi hii ya nguvu ndiyo inayoharibika mara nyingi, na namna inavyoharibika inahusiana moja kwa moja na hali ya betri. Kazi inayotakiwa upande wa injekta haipungui kwa sababu betri ni mbovu, kwa hiyo volti zikishuka upande wa kuingia, moduli hulazimika kuvuta ampea nyingi zaidi ili kufidia. Chukua mfano wa wati 300. Betri ikitoa volti 12.6, moduli huvuta takriban ampea 24, ikitoa 9.5, huvuta karibu 32. Joto linalozaliwa ndani ya njia za shaba na viungo vya lehemu hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ongezeko hilo la ampea, linaloonekana dogo, huongeza joto kwa takriban robo tatu. Kila asubuhi ya baridi moduli yako hupitia mateso hayo kabla injini haijawaka.

Tuzisome namba zako kwa utulivu. Volti 9.4 wakati wa stata ni chache mno. Mimi sikubali chini ya 10.5 kwenye injini hii, hata asubuhi ya baridi. Hilo peke yake linatosha kuzishuku betri, nyaya, au vyote viwili. Hata hivyo, kuna namba nyingine iliyonivuta macho zaidi: volti 44 ulizozipata ulipofungua swichi tu, kabla ya kupiga stata. Wakati huo betri zilikuwa na 12.1. Ni kweli kwamba 12.1 si nyingi, na ni kweli pia kwamba hita plagi, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha, huvuta mkondo mkubwa mara tu swichi inapofunguliwa asubuhi ya baridi, na huweza kuendelea kuvuta hadi dakika mbili. Lakini moduli yenye afya, ikipewa volti 12.1, hutoa 48 bila kusitasita. Iliyotoa 44 bila mzigo wa stata tayari ina udhaifu wake. Nayo 47 ya mchana hailiondoi shaka hilo, na sababu yake nitaieleza nikifika kwenye lehemu.

Anza na betri, na uzipime moja moja. Gari lako lina betri mbili zilizounganishwa sambamba, na zikiwa zimeunganishwa hivyo, nzima huificha mbovu huku mbovu ikiifyonza nzima usiku kucha. Zitenganishe, zichaji kila moja hadi ijae, ziache zipumzike saa kadhaa, kisha uzipime. Betri iliyojaa husoma takriban 12.6, ikisoma 12.4 imebaki na karibu robo tatu ya chaji yake. Kipimo hiki hakitoshi, kwa hiyo zipeleke duka la vipuri wazipime kwa mzigo, na uangalie matokeo yakilinganishwa na ampea za kuwashia katika baridi zilizoandikwa kwenye lebo. Namba hiyo ya lebo hupimwa kwenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, baridi ambayo kwako si ya ajabu, kwa hiyo betri iliyofeli kipimo hicho itakuangusha siku unayoihitaji kuliko zote. Ile ya zamani sina matumaini nayo, na ushauri wangu ni kununua mbili kwa pamoja, za aina moja na tarehe moja. Ya mwaka jana, kama bado ni nzima, itafaa kwenye gari lingine dogo.

Baada ya betri, geukia kebo. Hapa ndipo wengi hupita haraka, na mimi mwenyewe niliwahi kupita haraka. Kuna F-250 moja niliyoifungia betri mbili mpya na bado ikaendelea kushuka hadi volti 9.8 kwenye moduli wakati wa stata, ilhali kwenye vichwa vya betri nilisoma 11. Nilibadilisha rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), nikakagua fyuzi, nikapoteza nusu siku. Mwishowe niliibonyeza kebo ya eathi kwa vidole, karibu sentimita kumi kutoka kwenye betri, nikasikia ndani yake kitu kinachovunjika kama mchanga mkavu. Nilipopasua ganda la plastiki, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki nzima zilihesabika. Kwa nje kebo hiyo ilikuwa safi kabisa. Mahali kama kwenu, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, maji ya chumvi hupanda ndani ya ganda taratibu, na macho hayaoni chochote.

Njia ya kulikamata tatizo hilo ni kupima upotevu wa volti wakati mkondo unapita. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja, waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kibano chake, na mwingine kwenye chuma safi cha bloku ya injini, kisha mwombe mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya eathi ina kasoro. Rudia kipimo hicho kwa betri ya pili, halafu fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi waya mnene unaoingia kwenye moduli. Huko mimi hutaka kuona upotevu mdogo zaidi, sehemu mbili au tatu za kumi ya volti. Usisahau pia alteneta: injini ikiwaka, betri zinapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.5, na zisishuke unapowasha taa kubwa, feni na vioo vya joto kwa pamoja. Alteneta inayobaki kwenye 12.8 huifanya moduli ifanye kazi ya asubuhi siku nzima.

Ukishahakikisha kwamba upande wa 12 ni mzima, hapo tu ndipo moduli inaweza kuhukumiwa kwa haki. Kwenye pikapu yako imekaa juu ya kifuniko cha vali upande wa dereva, chini na nyuma ya tangi la plastiki la maji ya kupozea injini. Juu yake kuna kifuniko kidogo kinachoshikiliwa na skrubu mbili za nyota, saizi T20. Usikifungue swichi ikiwa wazi, wala usichomoe soketi yoyote ya moduli swichi ikiwa wazi, kwa sababu volti 48 zenye nguvu ya namna hiyo zinakupiga na zinaweza kuichoma bodi. Ukishakiondoa utaona safu ya skrubu ndani. Skrubu ya mwisho upande wa fenda ya dereva ndiyo inayobeba 48. Gusa hapo kwa waya mwekundu wa mita, waya mweusi uwe kwenye nguzo hasi ya betri, na uwe mwangalifu ncha ya mita isiguse skrubu mbili kwa mara moja.

Kipimo hiki kifanyike asubuhi, gari likiwa limelala nje usiku kucha bila kuchomekwa ile hita ya bloku inayotumia umeme wa nyumbani. Nalisisitiza hili kwa sababu wateja wengi huniletea gari lililolala kwenye gereji yenye joto, kisha tunatazamana wote mita ikisoma 48 iliyotulia. Soma kwanza swichi ikiwa wazi tu, ukiacha hita plagi zimalize kazi yake. Kisha tumia mashine ya uchunguzi kuagiza kipimo cha kuzitetemesha injekta: utasikia mlio wa kama nyuki kutoka upande mmoja wa injini hadi mwingine. Mwisho, piga stata na uendelee kusoma hadi injini iwake. Moduli nzima hubaki kati ya 47 na 49 wakati wote. Ikigusa 46 kwa muda mfupi wa stata sitaiondoa, lakini nitaandika tarehe na kuirudia baada ya mwezi. Ikishuka chini ya 45 nafasi yoyote, ilhali betri ziko juu ya 10.5, imekwisha.

Kile kipimo cha mtetemo kina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kinaipa moduli mzigo wa injekta bila mzigo wa stata. Betri hazishuki sana wakati huo. Kwa hiyo 48 zikianguka kwenye mtetemo, hakuna wa kumlaumu isipokuwa bodi ya nguvu. Zikisimama imara kwenye mtetemo na kuanguka tu stata inapozunguka huku betri zikifika 9, rudi kwenye betri na kebo, kwa maana moduli inanyimwa chakula. Kipimo hiki kimoja kingeweza kuwaokolea watu moduli nyingi nzuri zilizotolewa bure.

Kuhusu mashine ya uchunguzi, itumie lakini usiiamini peke yake. Kwenye orodha yake utakuta FICMMPWR, ambayo ndiyo 48 zenyewe, FICMVPWR, ambayo ni umeme wa betri unaofika kwenye moduli, na FICMLPWR, ambayo ni umeme wa bodi ya akili unaopitia rilei yake. Zitazame zote tatu kwa pamoja: ya kwanza ikishuka na mbili zikibaki imara, moduli inaugua, ya pili ikishuka kuliko inavyoonyesha mita kwenye nguzo za betri, nyaya zinaugua, ya tatu ikikatika peke yake, tafuta rilei, fyuzi au soketi iliyolegea. Udhaifu wa mashine ni kwamba husasisha namba polepole, na anguko la haraka huweza kupita bila kuonekana. Mita yenye kitufe cha kuhifadhi namba ya chini kabisa hulikamata anguko hilo.

Nimeahidi kueleza kwa nini mchana unapata 47. Niliwahi kuifungua moduli iliyokuwa ikisoma 40 asubuhi na 48 mchana, nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Kuzunguka mguu wa kijenzi kimoja kikubwa cha bodi ya nguvu, lehemu ilikuwa na mstari mwembamba wa mduara, mweusi, kama ufa kwenye ukingo wa kikombe cha udongo. Moduli hii imefungwa juu ya injini, kwa hiyo hupashwa joto na kupozwa kila siku na kutikiswa kila kilomita, na hatimaye lehemu hupasuka hivyo. Ikiwa ya baridi, mguu na lehemu hujikunja na kuachana kidogo. Ikipata joto hutanuka na kugusana tena. Ndiyo maana 47 ya mchana haimaanishi kwamba moduli imepona. Zipo pia zinazofanya kinyume, yaani zinakuwa nzuri asubuhi na kuzimika injini ikishapata joto, lakini yako si ya kundi hilo.

Marekebisho yana njia tatu. Unaweza kulehemu upya viungo vilivyopasuka, kazi ambayo fundi wa elektroniki mwenye mkono mzuri ataifanya kwa gharama ndogo, ingawa vijenzi vilivyokwisha kupikwa na joto vitabaki vilevile. Unaweza kubadilisha nusu ya nguvu pekee, kwa maana inauzwa peke yake, nayo haihitaji kuprogramiwa kwa sababu bodi ya akili inabaki ni yako. Au unaweza kununua moduli nzima, ambayo lazima iwekewe programu inayolingana na gari lako. Kwa hali yako ningechagua njia ya pili, mradi bodi ya akili haina dalili za maji wala kutu. Kagua vizuri tangi la maji lililo juu yake, kwani likivuja, maji hayo huishia kwenye moduli. Kuhusu nusu za nguvu zinazotoa volti 58 badala ya 48, najua zina wapenzi wengi, hasa sehemu za baridi, lakini mimi sizifungi kwenye gari la kazi. Koili za injekta zilibuniwa kwa 48, nami napendelea kuziondoa sababu za udhaifu kuliko kuzifunika kwa nguvu ya ziada. Kabla ya kuigusa moduli, tenganisha betri zote mbili. Kutenganisha moja hakukati umeme.

Zimebaki zile kodi mbili, ambazo nadhani ndizo zilizoifanya gereji itaje injekta. P0272 inalalamikia mchango wa silinda ya 4, na P0284 ule wa silinda ya 8. Zinasema kwamba silinda hizo hazikufanya kazi sawa na wenzake, bila kusema kwa nini, na moduli yenye volti 38 ni sababu tosha, hasa kwa kuwa kodi zenyewe huja na kuondoka. P0611, ambayo inalalamikia utendaji wa moduli yenyewe, ndiyo nzito zaidi kati ya tatu hizo. Hata hivyo, silinda za namba shufwa kwenye injini hii ziko upande wa dereva, upande uleule wa moduli, na nyaya za hapo hupenda kujikwaruza kwenye mabano na kwenye kingo za kifuniko cha vali. Ukiwa umelitoa tangi la maji ili kuifikia moduli, pitisha vidole kwenye nyaya zote na utazame ganda lililochubuka.

Zifute kodi zote baada ya kufunga betri, kurekebisha kebo na kubadilisha nusu ya nguvu, kisha uliache gari lilale nje usiku mmoja na urudie kipimo cha asubuhi. Ukiona 48 zimesimama kuanzia swichi hadi injini inapowaka, na bado inatetemeka dakika za mwanzo, basi tutaanza kuishuku vali ya kuteleza inayonata ndani ya injekta. Hata hapo, mwaga kwanza oili, hasa kama ni nzito ya 15W-40, uweke ya sintetiki ya 5W-40, na uendeshe wiki moja. Ikiwa tatizo litakuwa kutowaka kabisa, nitumie shinikizo la oili ya injekta wakati wa stata, ambalo lazima lifike psi 500, na shinikizo la dizeli, ambalo lisiwe chini ya psi 45.